Simu ya Macho Manne

Jumatatu, 7 Julai
Nimenunua simu Bariadi mjini. Si simu, dubwana! Kamera nne mgongoni. Wakwe wa kule Nyashimo watapiga wiki hii kutaja siku ya kuleta mahari ya Klementina, binti wa marehemu kaka yangu. Kwa ukoo wetu, anayepokea simu ya wakwe ndiye msemaji, na msemaji hakaushi koo bure: mtamba mmoja wa mahari ni wake. Klementina kawapelekea namba yangu mpya. Kaongeza na ya mdogo wangu Ndalahwa, eti tahadhari. Tahadhari ya nini?

Yule muuzaji, Lucy, ana maswali kama karani wa sensa. Eti baba, kwako Ngulyati mtandao gani unashika? Wakwe wanatumia upi? Chaji inakaa? Nikacheka. Ananiuliza mimi, niliyepiga simu Mwanza kabla mnara wa kwanza haujasimama! Nikachukua laini ya kampuni inayogawa mwavuli. Bando: dakika elfu mbili. Akasema ni za mtandao huo huo tu. Nikamwambia elfu mbili ni elfu mbili, hata ukihesabu Kisukuma.

Jumanne, 8 Julai
Nyumbani mtandao hakuna. Sebuleni hakuna. Zizini hakuna. Upo juu ya mwamba nyuma ya jiko, ukisimama kwa mguu mmoja.

Ndalahwa kaja na kitochi chake, kisimu cha vibonye kilichofungwa mpira wa baiskeli. Kimetundikwa kwenye msumari mlangoni na kinashika! Aibu kwa ukoo. Mke wangu Milembe kasema nikabadilishe laini. Mwanamke hajawahi kumiliki kamera hata moja, anishauri mimi.

Jumatano, 9 Julai
Mwambani tangu asubuhi, na mwavuli. Wapita njia wanauliza kama nafukuza ndege kwenye mtama. Washamba.

Nikaamua nimpigie mwenyewe mkwe, Mzee Bundala. Mashine ikajibu salio halitoshi. Halitoshi! Nina dakika elfu mbili! Kumbe Bundala yuko mtandao mwingine. Milembe akasema niweke vocha ya kawaida. Niweke vocha juu ya dakika elfu mbili? Mimi si mjinga.

Katika mkoa mzima ninayemjua mwenye laini hii ni Lucy. Nikampigia. Nikamsimulia nilivyomkaba fisi kwa mkono wa kushoto. Akasema baba, nilikwambia. Akakata. Zimebaki dakika elfu moja mia tisa tisini na tatu.

Alhamisi, 10 Julai
Akili! Nimemwendea Ndalahwa kwa upole, nikamsalimu mwangaluka mdogo wangu, nikamwambia namwonea huruma, tubadilishane simu hadi Jumapili, aonje maisha. Akakataa. Eti kaka, simu yako naiogopa, ina macho manne na haisikii.

Watu wakacheka. Watu wenyewe wa kununua sukari ya kupima kwa kijiko.

Ijumaa, 11 Julai
Nimempiga picha dume langu la ng'ombe pande zote nne, moja kwa kila kamera. Saa sita chaji kwisha. Nikaipeleka dukani kwenye sola, foleni ya simu ishirini, zote vitochi, vyote vinamaliza kabla ya yangu. Nimeichukua jioni.

Nilipopita kwa Ndalahwa alikuwa anacheka na kitochi sikioni. Sikumuuliza. Mtu mzima haulizi mambo ya vitochi.

Jumamosi, 12 Julai
Mwambani mapema. Leo lazima wapige.

Saa nne Fuso likashusha ng'ombe barabarani. Kumi na wawili, wamenona, na mtamba mweusi mwenye kipaji cheupe. Nikawapiga video. Nikasema moyoni, mwenye mali hii hana akili, anapeleka mnadani siku isiyo na mnada.

Wakakata kona kwetu.

Niliposhuka, Mzee Bundala alikuwa kwenye kiti changu, anakula kuku wangu, na Ndalahwa amesimama anasema kwa niaba ya ukoo. Bundala akaniambia kwa heshima zote: ngosha, siku tatu tumekupigia kila jioni, tukadhani umesafiri. Jana tukampigia mdogo wako, akapokea mlio wa kwanza.

Yule mtamba wa kipaji cheupe kaenda kwa Ndalahwa. Klementina akaniomba niwapige picha ya pamoja, eti baba mdogo, simu yako ni nzuri. Nikapiga. Ndalahwa katokea vizuri kupita wote, mjinga yule.

Jumapili, 13 Julai
Nimetafakari kanisani, ibada nzima. Kosa nimeliona: kamera nne ni chache.

Mwezi wa tisa wanakuja wakwe wa Jenipha, mdogo wake Klementina. Kesho narudi mjini na dume la kuuza. Iko simu ya kamera tano. Lucy ataniuliza tena mtandao gani unashika Ngulyati. Aulize! Kuna kampuni inagawa mabuti ya mpira, na ule mwamba unateleza.