Marejeo ya Bibi Sijaona

Jumatatu, 9 Septemba 1996
Mkufunzi wetu, Mwalimu Regina, kaja na sheria mpya. Insha ni juu ya shida ya maji Newala. Kwa kila wazo la kuazima atajwe mwenyewe, kitabu, mwaka na ukurasa. Atakayenakili kimyakimya anapata sifuri, na jina lake halipelekwi kwenye mtihani wa mwisho. Darasa zima liliguna. Cyril, tunayelala naye bweni moja, hakuguna. Alitabasamu. Huyu hupiga mstari kwa rula chini ya majina ya vitabu.

Baba kule Chiungutwa ameshawatangazia watu kwamba mimi ni mwalimu. Nikikosa mtihani sijui atawaambia nini. Lakini sina wasiwasi. Anayebadili maneno hajanakili.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepata maktaba ripoti ya zamani ya mhandisi wa maji. Safi, kana kwamba aliniandikia mimi. Nimebadili kila neno la maana. Bomba limekuwa mrija. Wananchi wamekuwa binadamu. Tangi sasa ni pipa kubwa. Jasho limenitoka. Cyril akauliza mbona sina marejeo. Nikamjibu kwamba mawazo haya ni yangu mwenyewe.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimeitwa ofisini. Mwalimu Regina ameniomba nimweleze "mrija mkuu wa binadamu" ni kitu gani. Akauliza mke wangu hajambo. Nikasema sijaoa. Akanionyesha ukurasa wa tatu, nilipoandika kwamba niliwasili Newala mwaka 1974 pamoja na mke wangu, tukapokewa vizuri sana.

Mwaka 1974 nilikuwa nanyonya.

Insha nyingine Jumatatu, yenye marejeo. La sivyo jina langu linakatwa. Nimetoka pale nikitazama viatu.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimeelewa nilipokosea. Nilitumia mwandishi aliyepo.

Safari hii nimewatunga wangu. Mjomba Mrisho, muuza mitumba wa Tandahimba, ni mtaalamu wa mvua. Bibi yangu Sijaona, mama yake mama, anakaa Newala na kusoma hajui. Ameandika kitabu, "Maji na Maisha Yetu", 1988. Nimemnukuu sana, hasa ukurasa wa 42. Kwa wingi wa marejeo nimempita Cyril. Aliyatazama muda mrefu, kisha akaomba kuazima kitabu cha Sijaona. Nikasema kipo kwa mjomba. Akauliza basi kinasemaje kuhusu visima. Nikamtungia sentensi mbili pale pale. Karibu nimwonee huruma.

Jumatano, 18 Septemba
Balaa. Cyril naye amemnukuu bibi yangu. Kampa ukurasa wa 112, na mchapaji wa Dar es Salaam juu.

Tumeitwa wote wawili. Mwalimu Regina ni mzaliwa wa Newala, na kitabu cha mtu wa kwao alikitaka kwa hamu. Alikitafuta maktaba, hakipo. "Mwandishi anaitwa Sijaona," alisema. "Na mimi sijaona. Kati yenu nani ameona?"

Cyril alinitazama mimi. Mimi nilitazama dirisha. Halafu nikasema ni bibi yangu, na kusoma hajui. Cyril hajawahi kuitwa ofisini. Mwalimu akasema angeweza kutukata leo hii. Badala yake Jumamosi twende Newala tukazungumze na bibi kweli. Kila atakalosema liandikwe kwa jina lake, mahali na tarehe. "Na nitakwenda kumuuliza mwenyewe," alisema.

Jumamosi, 21 Septemba
Tumefika juu ya lori la magunia matupu ya mnunuzi binafsi wa korosho. Siku hizi kila mtu mnunuzi. Cyril alishuka mwekundu kwa vumbi.

Bibi alikuwa kwenye foleni ya maji. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatukabidhi ndoo. Foleni haikusogea mpaka alasiri. Nikamweleza kwamba nimemwandika kuwa ametunga kitabu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mujibu mjukuu wangu," alisema, "umewaambia watu maneno yangu, na tangu mfungo hujaja hata kunijulia hali?"

Hilo liliniingia. Nikashika ndoo vizuri.

Cyril akatoa kalamu. Bibi akauliza kama jina lake litaandikwa kweli. Cyril akasema ndiyo bibi, na tarehe. Hapo akachangamka. Akaeleza kwamba shida ya maji Newala inaletwa na jirani yake Fatu, anayesogeza ndoo yake mbele watu wakigeuza shingo. Tukauliza kuhusu pampu. Akarudi kwa Fatu. Tukauliza kuhusu mvua. Fatu. Fatu mwenyewe alikuwa nyuma yetu, akasikia, akataka naye aandikwe.

Alhamisi, 26 Septemba
Nimepita, chupuchupu. Mwalimu Regina alikwenda Newala Jumapili, akauliza. Kila tulichoandika kilisemwa kweli, ingawa Fatu bado anakanusha. Mwalimu amesema hii ni insha yangu ya kwanza ambayo unajua nani kasema nini. Jina langu linakwenda kwenye mtihani. Baba hatakuwa mwongo. Cyril kapata alama nyingi kuliko mimi kwa sababu alimhoji na Fatu. Pande zote mbili, eti.

Jumatatu, 30 Septemba
Insha mpya: kilimo cha korosho wakati wa mkoloni. Cyril ameshaomba ruhusa ya kwenda kuhoji wazee vijijini. Na aende, vumbi lipo la kumtosha. Mimi natulia hapa hapa. Tatizo la bibi lilikuwa moja tu: mwalimu aliweza kupanda gari akamuulize.

Babu Husseni, mzaa baba, alifariki mwaka 1981. Nimeshaandika jina, mahali na tarehe, kama sheria inavyotaka: Mahojiano na Mzee Husseni, Chiungutwa, 29 Septemba 1996.

Amezungumza vizuri sana.