Swali la Saba la Tanuri Namba Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Nimeficha karatasi moja kwa miaka thelathini na mmoja. Si hati ya shamba, si barua ya mwanamke; ningekuwa mtu wa kuvutia zaidi. Ni fomu ya upimaji ya kiwanda cha kuyeyusha chuma, imejazwa kwa penseli, na iko nyuma ya saa ya ukutani iliyokufa siku nyingi. Naandika haya kwa sababu daktari ameanza kunisemesha kwa upole. Zamani alikuwa ananigombeza. Dalili mbaya sana!

Kazi yangu ilikuwa kupima watu: nani anafaa kusimama mbele ya tanuri, nani arudi kufagia. Maswali kumi na mawili, tiki kumi na mbili, sahihi yangu. Kiwandani waliniita Bwana Mwandiko. Nilidhani ni sifa.

Mmoja niliyempima walimwita Kobe. Hakuwa na haraka na kitu. Kila kipande cha chuma chakavu alikigeuza, akakigonga, akakitegea sikio, ndipo akakitia tanurini. Siku mbili baada ya kupewa cheti chake, tanuri namba mbili lilitapika. Tulichozika kilikuwa chepesi. Wachunguzi wakauliza kama alifundishwa. Nikawapa fomu safi ya wino, tiki zote kumi na mbili zimepangika kama askari wa gwaride. Wakaandika: alijua, akazembea. Fomu hiyo ya wino niliiandika mwenyewe asubuhi ya mazishi. Ile ya penseli, ya kweli, ndiyo hii niliyonayo.

Kwa nini nayasema leo? Muuguzi mpya. Binti yangu kamleta aje kunihudumia kila siku. Akiwa ananivua soksi akasema amesikia nilikuwa kiwandani. Baba yake alifia pale. Walikuwa wakimwita Kobe. Mama yake kaenda kaburini anaona haya, maana mtaa mzima ulimwita mke wa mzembe. Akauliza: babu, ulimfahamu?

Nikamwambia wafanyakazi walikuwa wengi.

Hapo hapo, saa tisa alasiri, king'ora cha kubadilisha zamu kikalia. Muuguzi hakugeuka. Kiwanda kilifungwa miaka kumi na minne iliyopita.

Jumanne, 4 Juni

King'ora tena, saa tisa. Kisha joto. Si joto la jua. Lile la upande mmoja, linalokukausha shavu hili na kuliacha lile. Nikatazama kona, kati ya kabati na beseni. Kobe.

Aproni ya ngozi. Glavu hadi viwiko. Kinga ya uso imeshushwa, na nyuma ya kioo chake rangi ya chungwa inapumua, kama makaa yanayopulizwa polepole. Mkononi kipande cha bomba. Alisimama kama wanavyosimama watu mlangoni pa ofisi wakisubiri kuitwa.

Nilimwamkia. Ningefanya nini? Malezi ni malezi.

Akakaa nusu saa, akaondoka bila mlango. Sakafuni aliposimama, vigae vina moto. Muuguzi alipita pale pekupeku, akaruka, akauliza kama nimemwaga chai. Nikakubali nimemwaga chai. Siku hizi nakubali kila kitu isipokuwa kile.

Nimewaza, nimepata dawa. Anachofuata ni karatasi. Karatasi isipokuwepo, naye hayupo. Kesho naichoma. Akili bado inachemka!

Jumatano, 5 Juni

Haiungui.

Kiberiti cha kwanza kilizima. Cha pili kikazima. Cha tatu nilikishikilia chini ya kona ya fomu mpaka kikaniunguza kidole, na karatasi ikabaki baridi kama kiwambaza cha choo. Nikaongeza mafuta ya taa. Ukawaka mkono wa pajama yangu. Karatasi yenyewe haikupata hata doa.

Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi penye moto, na nimeshindwa kuchoma karatasi moja.

Muuguzi alikuja mbio na beseni, akanimwagia lote. Akanifokea vizuri sana, kama daktari wa zamani, nikapata matumaini. Babu, unataka kunifungisha? Watasema nani alikuwa zamu? Watasema mimi! Uzembe wangu! Kisha akainama, akaanza kufuta maji, na sikuona uso wake.

Nilikuwa nimeikalia karatasi. Ilikuwa kavu.

Saa tisa Kobe alikuja. Akautazama mkono wa pajama. Naapa mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka, mshenzi.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili, bora zaidi. Karatasi nimempa Msimamizi.

Msimamizi alikuwa mkubwa wa zamu ya mchana, anakaa nyumba inayotazamana na yangu, na tangu tustaafu tunashindana kuumwa. Mimi nikipata kikohozi, yeye anapata mapafu. Mimi nililazwa siku tatu, yeye akajilaza tano, ya mwisho kwa kulazimisha. Leo kaja na mkongojo mpya wa miguu minne ili nione. Akasema nimekonda. Nikasema yeye kavimba. Tukafurahi.

Halafu akanichokoza kama kawaida yake: Mwandiko bwana, wewe ulikuwa mpimaji wa dirishani! Watu wako kwenye moto, wewe uko nyuma ya kioo na chai yako, unaweka tiki. Nikamwambia ndiyo maana mimi bado nina nyusi.

Alipoinama kuvaa kiatu, nikaichomeka fomu katikati ya karatasi zake za hospitali. Kwa sheria za kiwanda, msimamizi wa zamu ndiye mwenye watu wake. Kobe alikuwa mtu wake. Basi amchukue!

Saa tisa: kimya. Kona tupu. Vigae baridi. Nimekula sahani nzima, nikaomba nyingine. Muuguzi akasema uso wangu umerudi.

Ijumaa, 7 Juni

Saa tisa na dakika tano mlango ulipigwa teke. Msimamizi, bila mkongojo! Sijamwona akikimbia tangu enzi za mgomo. Jasho linamtiririka upande mmoja tu wa uso. Akaitupa fomu kitandani. Akasema mtu wangu kahamia kwake tangu jana, kasimama mbele ya televisheni, mpira hauonekani. Mchukue mtu wako, Mwandiko! Mimi nilimpangia zamu tu. Wewe ndiye uliyeandika anajua!

Nikamuuliza kama ameisoma karatasi. Akasema ameisoma. Akasema hajawahi kunionea wivu maishani, na leo amejua kwa nini. Kisha akaenda zake, na katikati ya njia akakumbuka kuchechemea.

Kobe alikuwa tayari kwenye kona yake.

Basi nikaamua kumaliza shughuli kiofisi. Anataka kupimwa? Nitampima. Nikavaa miwani, nikaketi wima, nikasoma swali la kwanza. Mavazi ya kinga? Akaonesha glavu, aproni, kinga ya uso. Tiki. La pili, koleo hupashwa moto kabla ya kuchovywa? Akaegemeza koleo asilokuwa nalo kwenye moto usiokuwepo, akahesabu kwa vidole, taratibu, Kobe yule yule. Tiki. Mpaka la sita alikuwa safi. Safi kabisa! Nilipata baridi mgongoni, na bado shavu linaungua.

La saba. Nikasoma: utatambuaje bomba au chombo kilichozibwa pande zote kikiwa na maji ndani, na utafanya nini nacho? Kwa asiyejua, chombo hicho kikizama kwenye chuma kilichoyeyuka, maji yanageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na tanuri linatapika hadi darini. Ndicho kilichotokea namba mbili. Nani asiyejua hilo sasa?

Kobe alisogea. Hatua moja, ya pili. Akaninyooshea lile bomba kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Limezibwa ncha zote. Ndani kitu kikacheza, polepole: chwa. Chwa.

Nikamwambia ni ukaidi huo, ajibu kwa mdomo. Akaendelea kulishikilia. Nusu saa nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa tatu. Muuguzi aione karatasi kwa bahati. Mimi sitakuwa nimesema, yeye atakuwa amejua, na Kobe atakosa la kunidai. Nikaiweka chini ya mto, kona moja imetokeza, kwa sababu leo ni siku ya kubadilisha mashuka.

Nikajifanya nimelala. Nilikoroma kidogo kuongeza uhalisi.

Mto ukanyanyuliwa. Ukarudishwa. Akaniambia nifumbue macho, nakoroma kama mwigizaji. Akanikabidhi karatasi imekunjwa mara nne. Akasema yeye hasomi karatasi za watu. Mtu akitaka kuniambia kitu ataniambia, babu. Mimi nimezoea kungoja. Nimengoja tangu nina miaka sita.

Alisema hivyo huku anachomeka shuka, hata hakunitazama. Nilifungua kinywa. Kweli kabisa, nilifungua. Nikaomba maji.

Sijawahi kuona mtu akijaza glasi taratibu namna ile. Aliikagua kwanza. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza kama ina ufa. Tabia ya baba yake.

Jumapili, 9 Juni

Pumzi fupi leo. Daktari alikuja siku ya mapumziko na akanishika mkono. Basi tena.

Nimeamua kuungama kwa utaratibu. Nimechora fomu, kwa wino, mistari nimeipiga kwa rula. Mwandiko bado mzuri. Moja: mhusika anakumbuka tukio. Tiki. Mbili: anajuta. Tiki. Tatu: karatasi ya penseli imetolewa nyuma ya saa. Tiki. Nne: amemwambia binti wa marehemu, ana kwa ana, kwamba baba yake hakuwa mzembe. Hapa nilisita kidogo. Muuguzi yuko jikoni, namsikia anaosha sufuria. Hatua kumi na moja. Lakini nia ninayo, na nia ni nusu ya jambo, na wakati umebana. Tiki. Tano: amesamehewa. Tiki. Sita: sahihi. Nimeweka. Nimeishia sita kwa makusudi.

Saa tisa. Saa iliyokufa ukutani ndiyo iliyolia safari hii.

Kobe hakusimama konani. Alikuja hadi kitandani, akainama juu ya fomu yangu, na kidole cha glavu kikatua kwenye mstari wa nne. Karatasi ikafuka moshi. Sasa inaungua! Sasa! Tundu la duara, safi, na tiki yangu imekwenda nayo.

Muuguzi akaja ananusa. Akauliza nani alikuwa hapa. Nikasema hakuna. Akauliza ni nini hicho naandika. Nikasema nafanya mazoezi ya mwandiko. Akasimama pale pale, kitambaa cha sahani mkononi, begani kwake baba yake anapumua rangi ya chungwa, na akauliza tena, taratibu, kama mtu anayegonga chuma: babu, kweli hukumfahamu?

Nikasema wafanyakazi walikuwa wengi.

Akarudi jikoni. Karatasi ya penseli nimeirudisha nyuma ya saa. Tiki ya nne nimeiweka upya, pembeni ya tundu.

Kobe hajaondoka. Bado ananinyooshea bomba. Chwa. Sasa nimeelewa kwamba hakuja kupimwa, wala hakuja kushtaki. Kwenye karatasi ya penseli, mstari wa saba, kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa za mtu asiye na haraka, ameandika: SIJUI. NAOMBA NIONESHWE. Alinishika mkono siku ile, akanionesha rundo la chuma chakavu, akasema mzee, twende unioneshe na hili moja, halafu utie sahihi. Nikamwambia atajifunza mbele ya safari.

Watu walidhani niliogopa joto. Msimamizi anadhani nilikuwa mvivu. Haikuwa hivyo. Nilipewa upimaji kwa sababu ya mwandiko; sikuwahi kushika koleo. Sikumwonesha kwa sababu nami nilikuwa sijui. Na hapa nilipo, bomba liko mbele ya pua yangu, linanung'unika maji yake, na mpaka leo sijui.