Mlima wa Kumpeleka Ovila

Jumatatu, 2 Februari

Leo ni sikukuu ya mishumaa. Imebarikiwa, chapati za maji za siku hii zimeliwa, kura imepigwa. Nimeshindwa! Kumi na nne kwa sita.

Kila mwaka klabu yetu ya pikipiki za theluji huchagua mlima mmoja wa kwenda kuuona. Ambaye mlima wake umeshinda ndiye anayeongoza msafara. Anakaa mbele, theluji mbichi yote yake. Normand, kaka wa mke wangu, ameongoza mara nyingi hata mwenyewe hahesabu tena. Mimi, Rosaire, katibu wa klabu na mtunza sakristia, miaka kumi na tisa niko mkiani. Naokota glavu za watu na kula moshi wao.

Mwaka huu nilijiandaa. Picha ya milima ya Valin, chaguo langu, niliibandika kubwa kama mlango: misonobari imefunikwa theluji mpaka inafanana na watawa waliopanga foleni. Picha ya Charlevoix, chaguo la Normand, niliibandika ndogo kama stempu, tena iliyopigwa siku ya ukungu. Normand akasimama, akauliza kama shemeji yake amekumbuka kuleta na darubini. Ukumbi mzima ukacheka. Kisha akaeleza kwa mdomo tu: unapanda, unapanda, ukitokea juu, mto wote uko chini yako, barafu inatembea juu ya maji kama kundi la kondoo. Mtu nyuma akapiga mluzi. Nikajua yamekwisha.

Tena si safari ya kawaida. Ovila Dallaire, jirani yangu, aliyeanzisha klabu na kunifundisha kuendesha, ana saratani ya kongosho. Daktari kasema Pasaka labda ataiona, labda hataiona. Ameomba kitu kimoja tu: mlima mmoja wa mwisho. Tunaondoka Jumamosi. Hakuna aliyemuuliza mlima gani. Mimi sikuuliza makusudi. Niliogopa atasema Charlevoix.

Jumatano, 4 Februari

Nimesali, nikapata wazo. Sisemi limetoka mbinguni, ila lilinijia nikiwa nimepiga magoti.

Njia zetu hupita kwenye mashamba ya watu, kwa hisani yao tu. Ya Charlevoix hupita shamba la chini la Adrien Gaudreault. Ya Valin hupita shamba lake la juu. Adrien ni mtu wa hasira. Akilifunga la chini, Charlevoix imekufa. Inabaki Valin. Na mimi mbele!

Nilimkuta zizini akikamua. Sikudanganya sana. Nilimwambia, kwa masikitiko, kwamba watu wa Normand huacha njia na kukanyaga klova yake, majani ya kulishia ng'ombe, iliyolala chini ya theluji. Hilo ni kweli, mwaka juzi mmoja aliacha. Nikaongeza kwamba Normand husema shamba lile la chini halioti kitu ila mawe na wivu. Hilo nililitunga. Ulimi ulikuwa umeshapata moto.

Adrien akatukana mpaka ng'ombe wakageuka. Akaitaja tabenakulo, akaitaja kalisi, akaitaja hostia, maana huku watu hutukana kwa vitu vya altare, vile ninavyovitunza kwa mikono yangu kila Jumamosi. Nikafanya ishara ya msalaba moyoni. Lakini nilirudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 6 Februari

Amefunga. Amefunga yote!

Asubuhi nilikwenda shamba la chini. Marobota makubwa ya nyasi, yale ya plastiki nyeupe, yamepangwa kukata njia kama meno. Nikacheka peke yangu. Nikaenda la juu. Meno yaleyale. Kuna na kibao: HAPITI MTU, HATA PADRE. Shemeji zake wawili wenye mashamba ya upande wa daraja nao wamefunga kumuunga mkono. Kijiji kimezibwa kama chupa.

Nikamuuliza kwa upole, la juu limekosa nini. Akasema si mimi niliyemfumbua macho? Watu wasio na heshima hawana heshima chini wala juu. Akanishukuru! Akanipa na lita mbili za maziwa.

Safari ya kesho haipo.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya Misa tulikutana ukumbi wa chini ya kanisa. Normand akauliza nani kamchokoza Adrien. Wote wakawashuku watu wa kijiji cha ng'ambo. Sikuwatetea. Mtu akasema aende mcha Mungu akambembeleze. Macho yote kwangu. Normand akanishika bega, akasema shemeji, wewe una maneno matamu, unaweza kumwuzia mtu kaburi lake mwenyewe. Mke wangu Noëlla akanitazama kwa namna ninayoijua. Nikatazama dari.

Mchana nikampelekea Ovila supu ya njegere. Kofia imekuwa kubwa kichwani pake. Yuko dirishani, amevaa suti nzito ya kuendeshea mashine na viatu. Jeannine, mkewe, anasema ameivaa tangu jana alfajiri na hataki kuivua. Muuguzi kasema kama ni kwenda, waende wiki hii hii. Baada ya hapo hataweza kukaa.

Nikashauri tupakie mashine kwenye tela, tupite barabarani. Ovila akanijia juu. Yeye si ng'ombe wa mnada! Miaka arobaini katokea mlangoni kwake akiendesha, atatokea mlangoni kwake. Alipomaliza kusema, alihema muda mrefu. Ndipo nikamuuliza, mzee, basi mlima gani. Akasema Rosaire, hata mkinipandisha lundo la mbolea la Adrien, sawa tu, mradi nisikie mashine inapanda. Ila fanyeni haraka.

Hakusema Charlevoix. Nimeandika: kura moja ya Valin.

Jumanne, 10 Februari

Daftari, hili nakwambia wewe tu.

Nilikwenda kwa Adrien peke yangu, na pai ya sukari ya Noëlla. Wengine walitaka kuja, nikakataa, nikasema wingi wa watu utamtisha. Nikamweleza habari za Ovila, suti, viatu, dirisha. Adrien akaisukuma pembeni sahani ya pai. Akasema Ovila alikuja na mashine yake kwenye tufani ya theluji ya mwaka mmoja wa zamani, akamletea daktari wa mifugo, ndama watatu wakapona. Akajifuta pua kwa mkono wa koti. Akasema atafungua saa ile ile, akaanza kutafuta ufunguo wa trekta.

Hapo ningenyamaza. Mtoto mdogo angenyamaza. Mimi nikasema: fungua la juu tu, linatosha.

Akageuka. Kwa nini la juu tu? Nikatafuta jibu, likaja lile lile la zamani: kwa kuwa Normand bado hajajutia maneno yake. Adrien akawaka upya. Kumbe! Akanishukuru tena kwa kumkumbusha. Akautupa ufunguo mezani. Hafungui hata upana wa mkono mpaka Normand amwombe radhi, tena kwa maandishi.

Nitamwambiaje Normand aombe radhi kwa jambo ambalo hakulisema? Basi nimekaa nikaandika mwenyewe, kwa jina lake. Kurasa mbili. Barua ya Normand imetoka nzuri kuliko Normand mwenyewe. Kesho naiacha kwenye sanduku la barua la Adrien. Bikira Maria, hii ni kwa ajili ya mgonjwa.

Alhamisi, 12 Februari

Barua ilimliza Adrien. Hilo sikulitegemea. Leo asubuhi akachukua chupa ya sida, ile pombe ya tofaa, akaendesha mpaka kwa Normand kumkumbatia. Normand akauliza barua gani.

Saa tatu wakawa mlangoni kwangu, wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Normand hakupiga kelele. Akaiweka barua mezani, akasema mwandiko wa katibu unajulikana na klabu nzima. Akaniuliza kama Jumapili Ovila alikuwa anaweza kukaa. Nikasema ndiyo. Akauliza na leo? Nikaanza kuikunja barua. Akasema, "Nakuuliza, shemeji. Na leo?"

Nikasema Jeannine kaniambia jana wamemlaza.

Adrien hakutaja hata chombo kimoja cha altare. Alitoka, akawasha trekta, na kabla ya saa sita marobota yote yalikuwa pembeni, ya juu na ya chini. Shemeji zake nao wakafungua. Njia nyeupe, imenyooka, hakuna kitu mbele yake.

Noëlla ameniwekea sahani ya chakula. Ilikuwa baridi.

Jumamosi, 14 Februari

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, anga safi. Mashine ishirini mbele ya nyumba ya Ovila, zote zinanguruma. Kwa kuwa hawezi kuendesha, Normand alikuwa ameshinda jana yote akitengeneza kiti kwenye mkokoteni wa kuvutwa, na godoro, na ngozi ya dubu. Hakuna aliyeuliza mlima gani. Normand alisema tutampandisha kilima chochote kilicho karibu.

Tukambeba, Normand mabegani, mimi miguuni. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa nguo. Tulipofika kizingitini baridi ikamgusa, akatoa sauti. Si kilio, sijui niiite nini. Tukajaribu kumkunja akae. Akatoa tena ile sauti. Jeannine akasema rudisheni. Normand akasema kidogo tu, mama, bado hatua tatu. Jeannine akasema, "Rudisheni mume wangu ndani!"

Tukamrudisha. Nje wakazima mashine, moja baada ya nyingine.

Nikabaki naye. Akafumbua macho, akauliza leo siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Akafikiri sana. Akauliza, "Jumamosi ipi?"

Jumatatu, 16 Februari

Ovila alifariki jana wakati wa Misa. Mimi ndiye niliyepiga kengele. Nilipiga vibaya, kamba iliniteleza.

Normand hajamwambia Jeannine habari za barua, wala za mawe na wivu. Anasema mjane ana mzigo wa kumtosha. Adrien naye kanyamaza. Nilimshukuru Normand, akasema nisimshukuru, hakufanya kwa ajili yangu.

Nimelia mbele ya sanamu ya Mtakatifu Anna mpaka magoti yamekufa ganzi. Nimeapa. Hila basi. Sitapanga tena kitu maishani mwangu, hata viti.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa yangu ya kutosha.

Mazishi yalikuwa jana, nusu yake. Ardhi imeganda kama chuma, kwa hiyo jeneza limewekwa kwenye kijumba cha mawe nyuma ya kanisa mpaka Mei. Ufunguo ninao mimi. Nimepita mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa.

Kuhusu la kuacha Kwaresima hii, nilitaka kuacha hila. Padre akasema tuchague kitu tunachokiweza. Nimeacha sukari.

Jioni klabu ilikutana. Kutakuwa na safari ya kumkumbuka Ovila, Jumamosi ya tarehe 28. Normand akapendekeza Charlevoix, ule mto ulio chini yako. Mikono yote ikapanda, na wangu. Kwa moyo safi kabisa! Nilijisikia mwepesi.

Tulipokuwa tunatoka Jeannine akanisogelea. Akasema mimi ndiye niliyekaa naye mwisho mwisho akiwa bado anasema. Akauliza kama Ovila aliniambia lolote. Macho yake mekundu, mtandio kaufunga vibaya. Ningemwambiaje mjane kwamba mumewe aliuliza Jumamosi ipi? Mtu anahitaji kitu cha kushika. Nikainamisha kichwa. Nikasema alitaja neno moja tu.

Nikasema: Valin.

Normand alikuwa anakunja viti. Akasimama na kiti mkononi, akaniangalia, akafungua mdomo. Kisha akamwangalia Jeannine, akaufunga.

Jeannine akalia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema basi ni Valin, na atakayewaongoza ni mimi, nani mwingine. Nikamwambia sistahili. Akasisitiza mara moja tu, nikakubali.