Dau la Mtani Katika Mnada wa Kwihara

Kwihara, Tabora

Kwa Ndugu Mratibu wa Mnada wa Haki za Kuendeleza Ardhi,

Nakuletea salamu za heshima pamoja na pongezi, maana sijawahi kuona watu wazima waliosoma wakiuza kitu kisichoonekana, mbele ya wenye nacho, kwa kipaza sauti.

Mimi ni Emilian Masolwa, mkulima. Nyumba ya mama yangu, Bibi Eustadia, ilianguka kwa mvua za mwaka huu, na tangu hapo analala jikoni pamoja na kuku. Nilikuwa nimeshachoma matofali nimjengee. Ndipo mkaja mkatueleza kwamba shamba ni letu, ila haki ya kujenga juu yake ni kitu kingine, nacho lazima kipigwe mnada ili soko liseme bei yake. Tulipiga makofi. Sisi tunampigia makofi kila mgeni mwenye gari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamu ya shamba langu ilipofika, nilitaja mbuzi niliokuwa nao, wawili. Selemani, fundi cherehani wa Cheyo, akanyoosha mkono akapaza sauti: "Ng'ombe mia, na huyo Mnyamwezi mnifungie humohumo!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Selemani ni Mzaramo. Babu zetu walijuana kwenye misafara ya kwenda pwani, na tangu hapo wao na sisi ni watani. Mtani asipokutukana, ujue anaumwa. Ofisa wenu hakucheka. Aligeuza ng'ombe kuwa shilingi kwa kikokotoo, akagonga meza, akamtangaza Selemani mshindi. Selemani hana hata ndama. Ana cherehani, nayo ni ya shemeji yake.

2. Nilipokuja ofisini mliniambia kwa upole kwamba dau ni dau. Haya, tulifuate neno hilo mpaka mwisho wake. Kwenye msiba wa marehemu baba, Selemani alishuka kaburini, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe mbuzi. Alipotoka akaninadi mimi mfiwa mbele ya waombolezaji, na kwa kuwa hakutokea mteja, akanichukua mwenyewe kwa debe la karanga. Kwa sheria yenu, basi, tangu siku ile mimi ni mali ya Selemani, na shamba langu vilevile. Mtu hawezi kushindania haki katika shamba lake mwenyewe, kwa hiyo mnada ni batili. Kama kuna ushuru wa kumiliki mtu mzima, mdaieni yeye.

3. Mlisema mnada hufichua thamani halisi ya kitu. Vizuri sana. Naomba haki ya kukalia kiti chako nayo ipigwe mnada hapa kijijini siku ya gulio, watani wakiwepo. Selemani hatashindwa kufika bei, na ofisi itapata kiongozi ambaye angalau hupima kabla ya kukata.

4. Hili la mwisho naliandika kwa hasira, wala sifichi. Matofali yangu yanaota majani. Juzi mvua ilipopenya jikoni, mama aliwasogeza kuku pakavu, yeye akajikunyata mlangoni na khanga yake imelowa. Ninyi mnaniambia nisubiri soko.

Naomba dau hilo lifutwe. Neno la mtani si bei, halijawahi kuwa bei, na anayeligeuza kuwa fedha hana haya.

Nisalimie wote hapo ofisini, mfagizi na mlinzi kwanza, kisha wenye vikokotoo. Nyumbani kwako pia wasalimie, kama hapajanadiwa.

Ni mimi, nisiye na ruhusa ya kujenga hata choo,
Emilian Masolwa

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Selemani amekuja kunirudishia haki yangu kwa jogoo mmoja, kama utani unavyotaka. Hajaondoka, akafika Bwana Awadhi, mfanyabiashara wa mjini, anayetaka kujenga nyumba ya wageni wanaokuja kuona tembe la Livingstone. Anasema bei ya ng'ombe mia ilitangazwa hadharani na ofisi, haina ubishi, naye yuko tayari kuilipa, ninyi mpate fungu lenu na mimi langu. Kwa hiyo tafadhali msifute kitu. Dau lilikuwa halali kabisa, na Selemani alikuwa na akili timamu. Mama nimemwambia avumilie jikoni kidogo.