Kompresa Kabatini

Jumatatu, 3 Machi
Imefika! Kompresa yangu, ya bei poa. Kisanduku chenye swichi nne za kuzungusha. Ya tano imeng'oka. Fundi redio kanieleza: sauti ikipaa inaishusha, ikififia inainyanyua. Dawa yangu hiyo! Miaka kumi na mmoja naimba safu ya nyuma kwa sababu sauti yangu hupanda na kuzama kama ndoo kisimani. Ijumaa mwalimu wa kwaya anamchagua mwimbaji kiongozi wa albamu yetu, kwa kusikiliza rekodi tulizojirekodia nyumbani. Nautaka uongozi huo mpaka nakosa hamu ya kula. Kinyozi wa mtaani, mpinzani wangu kwayani, tayari anatembea kifua mbele. Atembee tu.

Jumanne, 4 Machi
Studio tayari: kabati la nguo. Mke wangu aliuliza kwa nini nimejifungia na magauni yake. Nikamwambia yanameza mwangwi. Akasema yeye hakuolewa na mwangwi. Mama mkwe, aliyekuja kwa siku tatu na hii ni wiki ya saba, anapiga pasi nyuma ya ukuta. Fundi alionya nisizungushe swichi kupita nusu. Muoga huyo! Nimezungusha hadi mwisho.

Jumatano, 5 Machi
Sauti nene kama ukuta! Tatizo dogo: nikinyamaza kuvuta pumzi, sauti zote za nyuma zinapanda. Pasi. Chafya ya jirani. Na mama mkwe akiuimba wimbo wangu kwa puani. Nilimwomba kwa adabu zote atulie. Akaapa hajafungua kinywa. Kweli, hajijui. Lakini nani husikiliza mapumziko? Nimetuma.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu alizipiga rekodi mbele ya wote. Ya kinyozi ilikuwa safi, shetani yule. Ikaja yangu. Mwalimu akairudisha. Akairudisha tena! Nikaanza kumwonea kinyozi huruma. Ndipo mwalimu akauliza yule mama wa nyuma ni nani, maana sauti hiyo ameitafuta miaka. Kinyozi alicheka mpaka akashika kiti. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimpelekea mama mkwe habari mimi mwenyewe: uongozi ni wake. Aliiweka pasi chini, akakaa, akalia. Akasema tangu mumewe afariki hakuna aliyemsifia sauti. Nami nikalia, sikuona haya. Kisha akasema kwa ajili ya albamu atabaki nasi miezi sita. Nikalia tena. Ili kumpisha mbele, kinyozi kahamishiwa safu ya nyuma, pembeni yangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri usiku kucha. Kompresa moja, tena yenye swichi pungufu, imemtoa mama mkwe kwenye pasi hadi mbele ya kwaya. Kupitia ukuta! Basi kosa langu nimelijua. Nilisimama karibu nayo mno.

Nimeagiza ya pili. Safari hii yeye aingie kabatini. Mimi nitaimba nikipiga pasi.