Naomba Kurudishiwa Sala ya Mezani

Wamaza, siku ya Alhamisi

Kwa Mchungaji Msimamizi wa makanisa yetu,
Kabambare.

Mheshimiwa Mchungaji,

Neema na amani. Nakuandikia mkono wangu wa kushoto ukiwa juu ya Biblia, si kwa kuapa, bali kwa sababu upepo unapeperusha karatasi. Hata hivyo nitakayosema ni kweli, na palipohitaji chumvi nimetia kidogo sana.

Mimi ni Antoine Musafiri, mkulima wa mpunga na mihogo, mume wa Mama Cécilia, baba wa Sarah-Grâce mwenye miaka tisa na Héritier mwenye miaka minne. Sijawahi kulalamikia kanisa. Paa lilipovuja juu ya benchi langu, nilisogea. Lakini leo ni wiki ya saba sijaruhusiwa kuombea chakula ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na aliyenikataza bado anang'oka meno. Haya yote yametoka Shule ya Jumapili ya Mademoiselle Apolline. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Mademoiselle Apolline anafundisha mambo ambayo watoto wanakuja kuyafanya. Zamani haikuwa hivyo. Sisi tuliimba habari za safina, tukapewa karanga kiganja kimoja, tukarudi nyumbani na tabia zile zile tulizokwenda nazo, na wazazi wetu waliridhika. Huyu anatoa kazi ya wiki, na Jumapili inayofuata anauliza nani ameifanya. Binti yangu hajakosa kunyoosha mkono hata mara moja.

2. Wiki saba zilizopita somo lilikuwa Sala ya Bwana. Si kuikariri, Mchungaji, kuielewa! Jioni ile nilifumba macho mbele ya wali na sombe ya majani ya mihogo, nikaanza kama nilivyoanza miaka yote. Nilipofika "utusamehe makosa yetu kama sisi nasi tunavyowasamehe", nikahisi mkono mdogo juu ya mkono wangu. Sarah-Grâce akasema kwa heshima zote:

"Baba, we hausemeshane na baba mukubwa. Ukiomba Mungu atusamehe vile we unasamehe, atatukatala sisi wote. Muachie Héritier aombe."

Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo mpaka wali ukapoa. Bado natafuta.

3. Sasa lazima nikueleze habari ya firigisi, ingawa inaniuma. Baba mukubwa anayetajwa ni kaka yangu Salomon. Miaka mitatu iliyopita alimwoza binti yake Darlène, na mimi, baba mdogo wa bibi arusi, nilivaa koti tangu alfajiri. Unajua kwetu firigisi ya kuku hapewi mtu ovyo. Ilipitishwa mbele ya pua yangu ikapelekwa kwa Souleymane, jirani yetu Mwislamu. Mimi nikapewa shingo. Salomon alijitetea kwamba Souleymane ndiye aliyechinja kuku wote ili wageni wa dini zote wale pamoja, basi alistahili heshima. Inawezekana. Lakini shingo, Mchungaji? Tangu siku ile sijamsemesha kaka yangu, na nilikuwa naendelea vizuri kabisa mpaka Shule ya Jumapili ilipoingilia.

4. Nilipotaka kurudia sala yangu kwa nguvu za baba mwenye nyumba, niliambiwa kwamba niko chini ya nidhamu. Binti yangu ameona kanisani jinsi mshiriki mwenye ugomvi anavyokaa benchi la nyuma, haombi mbele ya watu, hagusi Meza ya Bwana, mpaka apatane na mwenzake. Akamuuliza mwalimu kama nyumba nayo ni kanisa. Mademoiselle Apolline, bila kufikiria sisi akina baba, akajibu kwamba nyumba ni kanisa dogo. Basi mimi sasa nakaa karibu na mlango, juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilimgeukia mke wangu anitetee. Mama Cécilia alisema yeye ni mshiriki wa kawaida tu, hana mamlaka ya kuondoa nidhamu. Alisema hivyo akiwa ameziba mdomo kwa kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

5. Anayeombea chakula sasa ni Héritier. Anamwombea kila bata kwa jina. Anaombea pikipiki zote zilizopita siku hiyo kuelekea Salamabila, na mlio wa kila moja anauiga. Siku ya kuku, alimwomba Mungu kuku aliyekuwa ndani ya sahani apone haraka. Tukasema amina, tungefanya nini? Na kwa kuwa sheria ya nyumba yangu, niliyoitunga mwenyewe, inasema firigisi ni ya mwenye kuomba, Héritier aliila huku akinitazama kwa huruma.

6. Ugonjwa huu umevuka hadi kwa wasiohusika. Aziza, binti wa Souleymane, anacheza na binti yangu, na wao hawafichani kitu. Juzi Souleymane alifika kwangu na jogoo mzima, mwekundu, mwenye mkia wa fahari. Akaniomba radhi kwamba miaka mitatu alikuwa amebeba haki yangu tumboni bila kujua. Mchungaji, niliona aibu kiasi kwamba nilishindwa kumtazama. Jogoo nilimpokea.

7. Hili la mwisho silitanii. Darlène amejifungua mtoto wa kwanza, msichana, amemwita Benita. Jumapili hii anamleta kutoka Salamabila. Ametuma ujumbe kwamba atakula kwangu mchana na kwa baba yake jioni, kwa kuwa wazee wake hawaketi meza moja. Mimi ni babu wa mtoto huyo. Nampenda kabla sijamwona. Ataletwa mezani kwangu, na sitaruhusiwa kumwekea mkono kichwani na kumwombea. Nitakuwa juu ya kinu, huku Héritier akimchanganya na bata.

Kwa hiyo naomba haya, kabla ya Jumapili:

a) Somo la kusamehe lifundishwe baada ya mtu kuoa, au ikiwezekana baada ya kuzikwa. Watoto wapewe orodha ya wafalme wa Yuda, ambayo haijawahi kumdhuru mzazi yeyote.

b) Utoe tangazo kwamba nyumba si kanisa.

c) Uniandikie barua ya kuondolewa nidhamu, yenye muhuri. Bila muhuri Sarah-Grâce hataipokea.

d) Mademoiselle Apolline ahamishiwe mbali, kwa heshima zote na nyimbo za kumuaga.

Wasalimie Mama Mchungaji, watoto, wazee wa kanisa wote, na yule bwana wa kengele ambaye kikohozi chake kilitusumbua sana katika mkutano wa mwaka jana. Nakutakia afya, na muhuri wenye wino wa kutosha.

Ni mimi, mshiriki wako wa benchi lenye kuvuja,

Antoine Musafiri

Nakala: Mama Cécilia, jikoni, kwa taarifa tu.

N.B. Leo ni Jumatatu. Mvua iliharibu barabara, pikipiki hazikupita, na barua ikabaki kwangu. Darlène yeye alifika jana kwa miguu, mtoto mgongoni. Jogoo wa Souleymane aliwekwa mezani, Benita akawekwa mikononi mwangu. Ana masikio ya Salomon, yote mawili. Wote wakafumba macho. Hakuna aliyeomba, hata Héritier. Nikamrudisha mtoto kwa mama yake, nikatoka. Kutoka mlango wangu hadi kwa kaka yangu ni hatua mia mbili na kumi. Miaka mitatu nilidhani mji wa Kasongo ni karibu zaidi. Nilimkuta amekaa mlangoni, amekwisha kuvaa shati la kutokea. Maneno yote niliyoandaa yalinipotea. Nikamwita tu kaka kama zamani, "Yaya, kuya tukule." Akajibu, "Niko nasikia harufu yake tangu asubui."

Basi niliomba mimi. Nilipofika "kama sisi nasi" sauti ilikatika, na Salomon akamalizia. Nidhamu imeondolewa bila muhuri. Kwa hiyo usimhamishe Mademoiselle Apolline. Ukimhamisha nitakuja Kabambare kwa miguu, na Salomon pia, kwani ndiye aliyekuletea barua hii. Nimeituma hivyo hivyo, malalamiko na yote, maana sina karatasi nyingine.

Firigisi tuligawana. Kipande chake kilikuwa kikubwa kuliko changu. Nilikiona, nikanyamaza. Sarah-Grâce naye aliniona nikikiona.