Baraka ya Pili ya Treni Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Injinia Obusan anakuja Alhamisi kukagua Treni Namba Saba. Treni ina miaka arobaini, yeye thelathini na mbili. Akiikataa, inakatwa chuma chakavu, na mimi, fundi wake mkuu, nahamishiwa chini ya Wilfredo. Wilfredo! Niliyemfundisha kushika spana! Leo kantini kaniuliza kama kahawa yake nitaikoroga kushoto au kulia. Nimecheka. Moyoni nachemka.

Jumanne, 4 Machi
Nimepaka rangi fremu yote ya chini. Inang'aa. Ule ufa mdogo niliouona mwezi jana haupo. Yaani upo, ila hauonekani. Wilfredo kapita, kasema bibi kizee kapakwa poda. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Hapa Manila treni mpya haitoki bila padri kuinyunyizia maji. Ikishabarikiwa, nani atathubutu kuikataa? Nimempigia Padri Anselmo. Kauliza tangu lini treni ikabarikiwa mara mbili. Nimemwambia baraka ya kwanza imeisha nguvu. Kaguna, lakini anakuja. Nimemwahidi sahani ya pansit, tambi zetu za kukaanga.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Padri ana mkono mkarimu mno. Kanyunyiza, kisha kamwaga ndoo nzima mlangoni. Maji yakazama sakafuni. Yakapenya kwenye ufa, yakatokea chini, kichwani kwa Injinia Obusan, aliyekuwa amelala huko na tochi akikwangua rangi yangu. Akachomoza amelowa chapachapa. Akamshukuru sana Padri, akasema ufa huo anautafuta tangu saa mbili asubuhi. Wilfredo alicheka hadi akakaa chini.

Namba Saba imestaafishwa papo hapo. Injinia kanilazimisha kuingia chini nikaone. Ufa mrefu kama mkono wangu. Behewa la mbele, la wanawake, mlango wa tatu. Mke wangu Nenita husimama mlango huo kila asubuhi akienda sokoni Baclaran. Nimelia mbele ya Wilfredo na sikujali.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanza kazi kwa Wilfredo, Treni Namba Tisa. Nayo ina ufa, na ukaguzi ni Jumatatu. Kanivuta pembeni, kaniita kaka kwa mara ya kwanza, kaniuliza tufanyeje. Nimemwonea huruma. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, namjua padri mwingine, mzee sana, mkono wake hautoi zaidi ya matone matatu. Kafurahi mno, kaniagizia kahawa.
Nenita nimemwambia kuanzia Jumatatu apande jipni, yale mabasi madogo ya barabarani.